Tasnifu ya ujasiriamali ipimwe kwa mizani, kusi na kaskazi

Kaunti ikimpa mwanafunzi wa uzamili orodha ya biashara 400 zenye leseni, kazi ya sampuli huisha kwa dakika moja. Fomula ya Yamane, ambayo wengi wanaosomea ujasiriamali nchini Kenya wameihifadhi kama sala, inagawanya 400 kwa 1 iliyojumlishwa na 400 mara 0.0025 (mraba wa kosa linaloruhusiwa la asilimia 5), na jibu ni 200. Hojaji 200 zinachapishwa, kila swali na visanduku vyake vitano, kuanzia "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana kabisa". Msaidizi anazigawa mjini Malindi kwa wiki mbili, nyingi zinarudi, zinaingizwa kwenye kompyuta, alfa ya Cronbach, kipimo cha maswali ya hojaji kukubaliana, inavuka 0.7, na sura ya tano inatangaza kwamba ubunifu una athari chanya kwa utendaji wa biashara ndogo na za kati. Mahafali yanafuata.

Hesabu zote hizo zinaweza kuwa safi na bado zisituambie lolote kuhusu ubunifu. Orodha ya leseni ina walio hai tu. Duka lililofunguliwa Januari likafungwa Agosti halimo, nalo ndilo lililobeba somo kubwa kuliko yote. Mama karanga anayenunua samaki ufuoni asubuhi, akawakaanga na kuwamaliza kabla ya isha, hana leseni ya duka, kwa hiyo hayumo. Fundi wa majahazi wa Matondoni, kijiji cha Lamu, hayumo. Mvuvi hayumo. Unapatikana utafiti wa ujasiriamali wa Pwani ambao umewaacha nje wale wale wanaokula kwa ujasiriamali.

Neno lenyewe nalo linaponza. "Ubunifu" katika Kiswahili hubeba mizigo miwili: kipaji cha kubuni, na kitu kipya kilichoingia sokoni kikabadilisha namna watu wanavyofanya kazi. Darasani tunafundishwa huo wa pili. Joseph Schumpeter, mwanauchumi wa Austria, aliugawa mwaka 1911 katika mafungu matano: bidhaa mpya, njia mpya ya kuizalisha, soko jipya, chanzo kipya cha malighafi, na mpangilio mpya wa biashara. Ukimuuliza mama karanga kama biashara yake ni ya ubunifu, kuna uwezekano mkubwa atasema hapana, kwa adabu, maana amesikia swali la kipaji. Muulize ni lini mara ya mwisho alibadilisha anayemuuzia samaki, au aliyekuwa akimkopesha mafuta, au kituo anachouzia. Akikuhesabia mabadiliko matatu ya mwaka huu, tayari amegusa mafungu mawili au matatu ya Schumpeter, na kwenye hojaji angeandikwa "sikubaliani kabisa".

Hayo mawili yanaweza kurekebishwa na msimamizi makini. La tatu ni gumu zaidi, nalo ni la majira.

Pwani ina kalenda mbili. Ya chuo huanza Septemba na kuhesabu mihula. Ya bahari hufuata upepo: kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba, bahari ikachafuka na vyombo vidogo vikakaa ufuoni siku nyingi, kaskazi huingia Novemba hadi Machi, maji yakatulia, samaki wakaongezeka na wageni wa hoteli pia. Baina yake kuna maleleji, kipindi cha upepo hafifu unaogeuka. Programu ya uzamili ya miaka miwili kwa kawaida huweka masomo ya darasani mwaka wa kwanza na utafiti mwaka wa pili. Pendekezo likipita Desemba na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, kikatoka Januari, data zote zitakuwa za kaskazi. Likichelewa hadi Mei, zote zitakuwa za kusi. Msimamizi aliye bara hatagundua, kwa sababu jedwali halina safu ya upepo.

Tuone hilo linavyoumiza, kwa kifaa kimoja: sanduku la barafu la mvuvi, lenye kuta mbili na povu katikati.

Samaki hutoka majini na joto la nyuzi 28 hadi 30. Kupoza kilo 60 kutoka nyuzi 30 hadi sufuri kunayeyusha kilo 19 hadi 20 za barafu, na hiyo ni ya samaki peke yao. Joto linalopenya kuta, kifuniko kinachofunguliwa kila samaki anapoingia, na jua linalopiga juu ya sanduku, vyote vina fungu lao. Ndiyo maana katika nchi za joto hushauriwa kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Mwanafunzi akipakia kilo 20 kwa kuwa fizikia ya kitabuni imesema 20, kufikia adhuhuri samaki wa juu watakuwa wamelegea na wa chini wanaelea katika maji mekundu. Barafu ivunjwe ndogo ndogo, kwa sababu bonge huacha mapengo ya hewa na huchubua ngozi ya samaki. Itandikwe chini, ipangwe kwa tabaka, imalizie juu. Na sanduku liwe na tundu la kutolea maji, kwa kuwa maji ya damu yakituama huharibu hata samaki aliyepoa.

Sasa fedha. Tuseme, kwa mfano tu, chombo hurudi na kilo 60, na bila barafu robo yake, yaani kilo 15, hulegea na kuuzwa kwa shilingi 100 pungufu kwa kilo. Hasara ni shilingi 1,500 kwa safari. Kilo 60 za barafu kwa shilingi 15 ni shilingi 900. Sanduku limeokoa shilingi 600 kila safari. Kama limenunuliwa kwa shilingi 30,000, litajilipa baada ya safari 50. Kaskazi, kwa safari 20 kila mwezi, hiyo ni miezi miwili na nusu, na mwanafunzi ataandika kwamba kifaa kina faida kubwa na benki zihimizwe kukikopesha. Kusi, kwa safari sita kwa mwezi, ni zaidi ya miezi minane, na kusi yenyewe haina miezi minane. Mvuvi aliyekopa Machi kwa ushauri wa tasnifu hiyo ataanza kushindwa kulipa Juni. Kifaa ni kilekile na samaki ni walewale, ila upimaji ulisimama kabla upepo haujageuka.

Kuna jambo lingine ambalo hesabu hiyo imelificha, na kwa maoni yetu ndilo kiini cha ujasiriamali wa Pwani ambacho vitabu vya kigeni havikigusi. Ni tajiri. Tajiri wa ufuoni ndiye mwenye nyavu, mara nyingi ndiye mwenye mashine ya boti, na ndiye anayemkopesha mvuvi unga na ada ya shule kusi inapokaza. Kwa malipo, mvuvi humuuzia yeye tu, kwa bei waliyopatana. Kama bei hiyo ni moja kwa samaki aliyekaza na aliyelegea, mvuvi atalipa shilingi 900 za barafu na hatapata hata senti ya zile 1,500. Zote zitaenda kwa tajiri. Mvuvi huyo akikataa sanduku, mtafiti ataandika kwamba wavuvi wana mtazamo hasi juu ya teknolojia na wapewe mafunzo. Hawahitaji mafunzo. Wamepiga hesabu vizuri kuliko aliyekuja kuwahoji.

Kumlaani tajiri pia hakusaidii. Ndiye bima pekee ambayo wavuvi wengi wanayo, na mradi unaompita kando humwacha mvuvi peke yake siku ya upepo mbaya. Swali la uzamili liko hapo hapo: sanduku likae kwa nani katika mnyororo huu ili anayelipia barafu awe ndiye anayefaidi ubora? Huenda mahali pake ni kwa tajiri, kwa mapatano ya bei mbili yaliyoandikwa. Huenda ni nchi kavu, kwa kina mama karanga watano wanaochanga, ambako barafu haibebwi baharini na samaki wasiouzika jioni wanangoja kesho. Saras Sarasvathy, aliyeandika mwaka 2001 juu ya namna wajasiriamali wazoefu wanavyoamua, alionyesha kwamba huanza na hasara wanayoweza kuimudu kabla ya kukadiria faida. Shilingi 30,000 ni hasara isiyovumilika kwa mvuvi mmoja. Shilingi 6,000 kwa kila mama, kati ya watano, ni mazungumzo yanayowezekana. Hapo nadharia inafanya kazi, tena inajaribiwa, kuliko kunukuliwa kurasa nane katika sura ya pili na kuachwa huko.

Mfano wa dema, mtego wa samaki unaozamishwa, unafundisha upande mwingine wa jambo, yaani namna kitu kizuri kinavyoenea au kukwama. Dema la kawaida la fito za kusukwa hukamata kila kinachoingia, mdogo kwa mkubwa. Watafiti waliofanya kazi katika Pwani ya Kenya walijaribu kuacha mwanya mwembamba pembeni, ambao samaki wachanga na wale wembamba wa matumbawe hupita, huku tafi na wengine wakubwa wakibaki. Samaki waliobaki walikuwa wakubwa zaidi, na mapato hayakushuka. Kukata mwanya hakuhitaji mkopo wala kiwanda. Kwa nini basi kila dema kuanzia Kiunga hadi Vanga halina mwanya?

Everett Rogers alipendekeza mwaka 1962 sifa tano zinazoamua kasi ya kitu kipya kukubalika: faida yake juu ya cha zamani, ulinganifu wake na mazoea, wepesi wake, kama kinaweza kujaribiwa kidogo kidogo, na kama matokeo yanaonekana kwa macho. Mwanya unashinda katika tatu. Haugeuzi uvuvi wenyewe, ni mwepesi, na mvuvi mwenye madema kumi anaweza kuukata katika moja akangoja. Unashindwa palipo muhimu. Samaki mdogo aliyetoka hakuonekana akikua. Jirani asiye na mwanya anaweza kumkamata kesho yake. Faida ni ya mwamba mzima, gharama ni ya mtu mmoja. Hivyo mwanya hauenei kwa mvuvi mmoja mmoja. Unaenea kwa kikundi cha ufuo kilichokubaliana, BMU, kinachowafunga wote kwa siku moja. Mwanafunzi wa biashara akilielewa hilo ameelewa kwamba mpangilio wa watu nao ni ubunifu, fungu la tano la Schumpeter, na mara nyingine ndio mgumu kuliko kifaa.

Anayetaka kulipima afanye hivi. Madema 20, kumi yenye mwanya na kumi bila, yawekwe kwa jozi kwenye mwamba mmoja, chambo kimoja, muda mmoja wa kukaa majini. Kila wiki nafasi zibadilishwe ndani ya jozi, ili mahali pazuri pasije pakapewa sifa ya mwanya. Kila samaki apimwe uzito na urefu ufuoni, na dema lililotoka tupu liandikwe sufuri, lisirukwe. Siku za kupima ziguse bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), kwa sababu samaki hawatembei sawa. Kosa linaloharibu data hizi ni dogo na la kibinadamu: kitoweo. Mvuvi akitoa samaki wawili wadogo wa nyumbani kabla ya mizani, madema yasiyo na mwanya, yenye wadogo wengi, yataonekana mepesi kuliko yalivyo. Dawa yake ni kupima kwanza na kugawa kitoweo baadaye, na jambo hilo lisemwe siku ya kwanza, mbele ya nahodha, kwa heshima.

Lamu ina mfano unaojulikana duniani. Mwaka 2018 lilishushwa majini jahazi dogo la Flipflopi, la urefu wa mita 9, lililoundwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki na kuvishwa vipande vya malapa yapatayo 30,000. Fundi mkuu alikuwa Ali Skanda, na mapema 2019 chombo hicho kilisafiri hadi Unguja, safari ya kilomita 500 hivi. Kikathibitisha kwamba inawezekana. Ni fahari ya kweli, na tunaitaja kwa fahari. Lakini kazi ya mwanafunzi wa uzamili inaanza pale sherehe ilipoishia.

Plastiki ngumu ya mitungi na ndoo huelea, ila ukakamavu wake ni kama sehemu moja ya kumi ya mbao ngumu, kwa hiyo ubao wa unene uleule hupinda kirahisi, na fundi analazimika kuongeza unene au kusogeza mataruma, mbavu za chombo, karibu. Kisha kuna jua. Ubao wa plastiki hiyo wa mita 9, joto likipanda nyuzi 20 kati ya alfajiri na alasiri, hurefuka sentimita 2 hadi 3. Ubao wa mti wa urefu huo haufikishi milimita moja. Msumari uliokazwa asubuhi unavutwa mchana, na kalafati, pamba ya kuziba kati ya mbao, iliyobana usiku haibani saa tisa. Mafundi wanaweza kuyatatua haya, lakini kila utatuzi una bei. Tasnifu inayofaa ingeuliza: ubao wa mita moja, ukihesabu kukusanya, kuosha, kuchambua, umeme wa kuyeyusha na mabaki yanayotupwa, unagharimu kiasi gani ukilinganisha na mbao za mbambakofi? Nani anaununua kwanza: mwenye mashua ya watalii, mwenye viti vya hoteli, au fundi wa nyumba? Huenda jibu likawa kwamba soko la kwanza si vyombo vya baharini, na jibu hilo pekee lingeokoa fedha za watu wengi.

Mtahini atauliza: na sanduku likishindwa? Ubao ukionekana ghali mno? Hapa ndipo vyuo vinapaswa kubadilika kwa maandishi, katika kanuni za kutahini. Mwanafunzi apewe alama kwa uzito wa ushahidi, hata kama wazo lake limekufa. Kwa sasa hofu ya kufeli humsukuma achague mada ambayo jibu lake linajulikana kabla ya kuanza, na hiyo ndiyo asili ya zile sura za tano zinazofanana. Mashindano ya kuwasilisha mawazo mbele ya majaji yanaongeza tatizo hilo, maana yanamzoesha kijana kupendeza kwa dakika tano.

Umbali si kisingizio tena. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, kilomita 60 hivi kutoka Malindi, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kina bewa Lamu. Vyote viwili vilipata hati mwaka 2013. Maabara ya mwanafunzi ni ufuo, na ufuo upo.

Suala la haki lisingoje siku ya kutetea tasnifu. Chini ya Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001, hataza (haki ya pekee ya mvumbuzi) hudumu miaka 20, lakini kifaa kama sanduku lililoboreshwa au mwanya wa dema mara nyingi hakifikii kiwango chake. Kuna hati nyepesi zaidi, modeli ya matumizi, inayodumu miaka 10 bila kuhuishwa, na haidai hatua kubwa ya uvumbuzi. Ombi hupelekwa KIPI, taasisi ya mali ya viwandani ya Kenya, na lipelekwe kabla ya tasnifu kupandishwa kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo, kwa kuwa kilichokwisha chapishwa ni vigumu kukidai kuwa kipya. Mwanafunzi asome pia sera ya chuo chake kuhusu mali ya ubunifu kabla ya kusaini fomu ya usajili wa utafiti. Swali la nani ni mwenye kifaa hujibiwa humo, na wengi hulikumbuka mwekezaji anapouliza.

Na lipo la uzito zaidi kwa Lamu. Mkuku, uti wa chombo, unavyochongwa bila mchoro, kalafati inavyotiwa, dawa ya mti fulani inavyozuia viumbe wa baharini kutoboa mbao: maarifa hayo yana wenyewe. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016 inaitambua jamii kuwa mwenye mali na inataka idhini yake. Fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja iliyosainiwa na fundi mmoja haitoshi pale maarifa yanapokuwa ya kijiji. Wazee wakae, waambiwe kinachoandikwa na kitakachouzwa, na mgao uandikwe kwa Kiswahili wanachokisoma.

Mwanafunzi akisajiliwa Septemba, kaskazi yake ya kwanza iko miezi miwili mbele, na kusi itafuata akiwa bado darasani. Asingoje mwaka wa pili. Aanze na ruhusa ya BMU, barua ya idara na ombi la NACOSTI mapema kadiri idara itakavyomruhusu, hata kama kichwa cha tasnifu hakijakaa sawa. Mizani ya kuning'iniza ya kilo 50, iliyojaribiwa kwa jiwe la uzito unaojulikana kila Jumatatu. Kipimajoto cha kuchoma nyamani, katikati ya mnofu karibu na uti wa mgongo. Daftari la jalada gumu na kalamu ya risasi, maana wino huchuruzika likilowa, lenye safu ya tarehe, ya upepo, ya bamvua au maji mafu, ya kilo, ya bei, na ya nani alinunua.